Miaka Yangu ya Kuhesabu Ndiyo

Ukitaka kumchekesha dereva wa bodaboda wa Dodoma, mwambie unalipwa mshahara kwa kuchunguza jinsi wabunge wanavyopiga kura. Mkisimama kwenye mataa atakugeukia akuulize, "Sasa hapo unachunguza nini, bosi? Si wanasema ndiyo?" Nimeulizwa hivyo na madereva, na mafundi, na mashemeji zangu, na siku moja na mbunge mwenyewe, tena kwa sauti ya kunihurumia. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa kwenye makongamano. Tangu nilipoanza kusomea siasa za mabunge hadi leo ninaposimamia wanafunzi wa uzamivu, sijafanya kazi nyingine zaidi ya kulijibu.

Nianze na namna Bunge linavyoamua, maana wengi wameliona kwenye televisheni lakini si wengi waliolitazama kwa jicho la mtu anayehesabu. Hoja ikishajadiliwa, Spika analihoji Bunge: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Sauti zinapanda, Spika anasikiliza, anatangaza kwamba walioafiki wameshinda, wanaendelea na shughuli inayofuata. Katika Hansadi, yaani taarifa rasmi ya yote yanayosemwa bungeni, tukio zima linachukua mistari miwili ndani ya mabano: hoja ilitolewa iamuliwe; hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Nani alisema ndiyo, nani alifumba mdomo, nani alikuwa kantini anamalizia chai, hakuna ajuaye. Kwa mtu aliyejifunza kazi hii kwa kusoma Kongresi ya Marekani, ambako rekodi za kura zenye majina zinarudi nyuma hadi 1789, ni sawa na kufundishwa uvuvi halafu ukapangiwa kituo cha kazi Dodoma. (Bwawa la Mtera lipo, najua. Mnielewe tu.)

Nilipokuwa nje kwa masomo ya uzamivu nilifundishwa hesabu za kupendeza kweli. Keith Poole na Howard Rosenthal, kuanzia miaka ya 1980, walichukua kura za wabunge wa Marekani na kumpanga kila mmoja kwenye mstari kutoka kushoto hadi kulia bila kumuuliza swali hata moja. Kura zake zilitosha kumsema. Kabla yao, katika miaka ya 1920, Stuart Rice alikuwa ametengeneza kipimo rahisi zaidi cha mshikamano wa chama: chukua asilimia ya wanachama waliosema ndiyo, toa asilimia ya waliosema hapana, puuza alama ya kujumlisha au kutoa. Ukipata 100, chama kimekwenda pamoja. Ukipata 0, kimegawanyika katikati. Hesabu ya darasa la saba, lakini inasema mengi.

Nikarudi nyumbani na kipimo changu. Kwa bahati nzuri sisi nasi tuna kura moja kubwa yenye majina kila mwaka: bajeti kuu ya Serikali. Kanuni zinataka kila mbunge aitwe kwa jina, ajibu, na jibu lake liandikwe. Nikachukua orodha hizo, nikaketi na kikokotoo, nikajaza safu ya chama tawala mwaka baada ya mwaka. 100. 100. 100. Safu ya upinzani nayo, kwa upande wake, ilikaribia hapo hapo. Nilipotuma andiko langu la kwanza kwenye jarida moja la nje, mhakiki mmoja aliandika sentensi ambayo bado naikumbuka kwa maana yake: kama hakuna tofauti, hakuna cha kueleza. Msimamizi wangu wa zamani akanishauri kwa upole nichague nchi nyingine.

Sikukubali, na si kwa uzalendo. Safu ya 100 haikuwa na siri yoyote. Sababu zake zimeandikwa kwenye Katiba, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Kwa hiyo wabunge wengi wakisema hapana siku hiyo, wanaweza kuwa wamejipigia tiketi ya kurudi kwenye kampeni miaka kadhaa kabla ya wakati. Ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, ubunge wake nao unakoma. Na huwezi kusema utarudi kama mgombea binafsi, kwa kuwa sheria zetu hazimtambui, hata baada ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko pale Arusha, kuamua mwaka 2013 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo hilo linakiuka haki. Hili si tishio la karatasini. Mwaka 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walifukuzwa na chama chao, na viti vyao vikatangazwa kuwa wazi. Mbunge anayefikiria kusema hapana anajua hesabu hiyo kuliko mimi ninavyoijua ya Rice.

Kilichonipa kazi ya maisha ni mwezi wa Julai 2011. Nilikuwa bado mhadhiri msaidizi, na vikao vilikuwa vinarushwa moja kwa moja. Ilikuwa kabla ya Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena mijadala yote mubashara. Nchi ilikuwa kwenye mgawo mkali wa umeme. Wizara ya Nishati na Madini ikaleta makadirio yake, na wabunge wakayakataa kwa maneno, mmoja baada ya mwingine, wa CCM kwa wa upinzani. Juu ya hapo ikasomwa barua iliyoonyesha kwamba taasisi zilizo chini ya wizara zilitakiwa kuchanga fedha kwa ajili ya kufanikisha upitishaji wa bajeti hiyo. Moto ukawaka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasimama, akaomba Serikali ipewe muda ikajipange upya. Makadirio yakaondolewa, yakarudi Agosti yakiwa yamefanyiwa kazi, yakapita.

Sasa tafuta tukio hilo kwenye jedwali la kura. Halipo. Julai 2011 haina hapana hata moja, kwa sababu Spika hakufika mahali pa kuwahoji wabunge. Serikali iliona kinachokuja, ikakipisha. Kwenye kipimo cha Rice, huo ni mwezi wa kawaida kabisa.

Nilipolishika hilo, nikaanza kurudi nyuma na kwenda mbele kwenye kumbukumbu. Februari 2008, ripoti ya kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa kufua umeme wa Richmond ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Hakuna kura ya kumwondoa iliyopigwa. Aprili 2012, mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alikusanya saini za kutaka hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, hoja ambayo kwa Ibara ya 53A inahitaji angalau asilimia 20 ya wabunge wote. Saini zilipatikana, hoja yenyewe haikufika kwenye kura, na mwezi uliofuata Rais Kikwete akalipangua Baraza la Mawaziri. Novemba 2014, sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow liliishia kwenye maazimio yaliyosukwa usiku na pande zote mbili kabla ya kuletwa ukumbini. Siku ambazo Bunge lilionyesha meno kweli kweli ndizo siku ambazo daftari la kura halina la kusema. Basi nikaamua sitahesabu kura peke yake. Nitahesabu kilichoondolewa, kilichoahirishwa, kilichorekebishwa kwenye kamati, na nani alikuwa amesimama lini.

Hapo ndipo nilipomhitaji mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi za Hansadi kwa miaka mingi, anayeishi mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma na kufuga kuku. Nilimwendea nikidhani nitamuuliza habari za kumbukumbu za zamani. Akanikalisha chini ya mwembe, akanifundisha kusoma.

"Kijana wangu," akasema, "ninyi wasomi mnasoma maneno. Soma mabano."

Mabano ya Hansadi, kwa asiyejua, ndiyo yanayobeba kila kitu ambacho si hotuba: makofi, kicheko, vigelegele, na lile lililo refu kuliko yote, kwamba hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Mzee alinionyesha kwamba makofi yana anwani. Ukiona makofi yanafuata sentensi ya kuilaumu Serikali iliyotoka kwa mbunge wa chama tawala, jiulize waliopiga ni akina nani, maana upinzani pekee hautoi makofi ya kuandikwa mara nne kwenye ukurasa mmoja. Kisha akanifundisha kutafuta "naunga mkono hoja" iko wapi. Mbunge anayeitamka mwanzoni, kabla hata hajamaliza kumshukuru Mungu na wapiga kura wake, amekwisha kulipa deni. Dakika zilizobaki ni zake, na mara nyingi ndimo humo anamosema anachokitaka. Anayeiacha mwisho anaishikilia kama sharti. Na wako wanaobanwa na kengele kabla ya kuitamka. Wengine walibanwa kweli. Wengine, mzee alicheka, wamekuwa bungeni vya kutosha kujua kengele italia saa ngapi.

Nimewatuma wanafunzi wengi kufanya zoezi hilo, na nasema bila kusita kwamba limewafundisha zaidi ya programu yoyote ya takwimu. Hansadi za Bunge letu zinapatikana kwenye tovuti yake, hakuna kisingizio.

Lakini hazina kubwa kuliko zote ni shilingi. Msomaji anayefuatilia Bunge la Bajeti anaijua. Kwa wengine nieleze. Baada ya hotuba ya waziri na mjadala, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia makadirio ya wizara kifungu kwa kifungu. Likifika kwenye mshahara wa waziri, mbunge anaweza kusimama na kudai ufafanuzi wa jambo la kisera, na kutamka kwamba asiporidhika ataondoa shilingi kwenye mshahara huo. Shilingi moja haimpunguzii waziri kitu. Inachomfanyia ni kumsimamisha mbele ya wenzake, kwa jina, kwa jambo mahsusi, na kumlazimisha atoe ahadi itakayoandikwa. Akijibu vizuri, mbunge "anarudisha shilingi". Asipojibu, hoja inaungwa mkono, inajadiliwa, na mara moja moja inafika kwenye kura. Yote haya lazima yafanyike kabla gilotini haijashuka, maana muda ukiisha vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo.

Fikiria utaratibu huo ulivyo na akili. Mbunge wa chama tawala hawezi kusema hapana kwenye bajeti bila kuhatarisha mengi. Lakini anaweza kushika shilingi ya waziri wa chama chake mwenyewe saa tano asubuhi, akamtoa jasho, akairudisha saa tano na robo, na jioni akasema ndiyo pamoja na wengine. Hajakiasi chama, na kijijini kwake wamesikia. Mimi na wanafunzi wangu tulianza kuzikusanya: wizara gani, jambo gani, la jimbo au la taifa, imerudishwa baada ya ahadi ipi, na mwaka uliofuata ahadi hiyo imeulizwa tena au imesahauliwa. Sitawamwagia tarakimu hapa. Niseme tu kwamba shilingi hazishikwi ovyo. Maji, barabara na umeme zina wateja wao wa kudumu. Mambo ya nje hayana. Na kuna wabunge ambao ukiwatazama kwenye orodha ya kura hawana sura yoyote, ila ukiwatazama kwenye orodha ya shilingi unawajua kama unavyomjua jirani.

Nilitaja nilivyoshauriwa kuchagua nchi nyingine. Nchi nyingine zinafundisha, hilo nakubali. Juni 2024 wanafunzi walikuja ofisini kwangu na simu mkononi kunionyesha orodha za wabunge wa Kenya waliopiga kura juu ya Muswada wa Fedha: tarehe 25 walioafiki walikuwa 195, waliokataa 106. Majina yalikuwa yanazunguka kabla jua halijazama, vijana wakiwa barabarani, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Binti mmoja wa mwaka wa pili akauliza, "Mwalimu, na sisi tukitaka orodha kama hii tunaipata wapi?" Nikamwambia ya bajeti kuu ipo. Ya miswada mingine, nikamwonyesha ile mistari miwili ndani ya mabano. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo maana wabunge wetu wanalala usingizi. Sikumpinga sana, ingawa naamini orodha ya majina ina upande wake wa pili. Mbunge anayejua jina lake litasomwa na wapiga kura anajua pia kwamba litasomwa na mnadhimu wa chama, yule anayesimamia nidhamu ya wabunge wake.

Ugomvi huo wa wazi na siri ndio ninaoupenda kuliko yote kuufundisha. Waziri Mkuu wetu huthibitishwa na Bunge kwa kura ya siri. Mwaka 2015 Kassim Majaliwa alipata kura 258 kati ya 351. Hapo una jumla safi kabisa na huna jina hata moja. Kwenye bajeti una kila jina, na kila jina linajua linatazamwa. Mtafiti anayetaka vyote viwili kwa wakati mmoja atasubiri sana.

Mara moja tu nimeona kitu cha katikati, na kilitokea hapa hapa Dodoma. Bunge Maalumu la Katiba la 2014 lilivutana kwa muda mrefu juu ya kura iwe ya wazi au ya siri, mwishowe likaamua kila mjumbe achague mwenyewe. Ilihitajika theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walikuwa wametoka ukumbini tangu Aprili, na kutoka kwao nako kulikuwa kura, pengine kubwa kuliko zote zilizofuata. Tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikatangazwa kupita, chini ya uenyekiti wa Samuel Sitta. Watu wakabishana juu ya matokeo, na wanabishana hadi leo. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye jambo dogo: mjumbe anayeitwa jina lake na kuomba karatasi ya siri mbele ya wenzake tayari ametoa taarifa. Hujui amesema nini. Unajua tu hakutaka ujue.

Darasani nalifanya kwa mtihani. Nawaambia wanafunzi tupige kura kama jaribio la wiki ijayo liahirishwe, kwanza kwa kunyoosha mikono mbele yangu, kisha kwa vikaratasi. Matokeo hayafanani kamwe. Kisha nawauliza kura ipi ilikuwa ya kweli. Kila mwaka kuna anayejibu kwamba ya vikaratasi, na kila mwaka kuna mwingine, kwa kawaida anayeketi nyuma, anayeuliza kama kiongozi wao wa darasa atawajibikaje kwa kura ambayo hawaioni. Nikishawafikisha hapo nafunga daftari. Sina jibu la kuwapa na sitaki walipate haraka.

Huwa nawaongezea habari za Agosti 1993, kwa kuwa vijana wengi wanadhani Bunge la kabla ya uchaguzi wa vyama vingi lilikuwa la kupiga usingizi. Bunge ambalo wabunge wake wote walikuwa wa CCM lilipitisha azimio la kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, kwa msukumo wa kundi la wabunge lililojulikana kama G55. Ilibidi Mwalimu Nyerere mwenyewe aingie kati na chama kikae upya ndipo jambo hilo lizimwe mwaka uliofuata. Linganisha na Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020, ambamo CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264. Idadi ya vyama ndani ya ukumbi haikwambii peke yake kama watu wataachana.

Mwanasayansi wa siasa wa Marekani, Richard Fenno, katika miaka ya 1970 aliwafuata wabunge majimboni mwao, akapanda magari yao, akakaa kwenye mikutano yao, akaandika alichokiona. Nilipoona vitabu na vikao havinipi kitu kimoja ninachokitafuta, nikamwiga. Mbunge mmoja wa kanda hii ya kati alikubali nifuatane naye wakati Bunge likiwa mapumzikoni. Sitamtaja yeye wala jimbo lake.

Kama hujawahi kukaa kwenye gari la mbunge kijijini, hujui ubunge. Gari likipunguza mwendo tu, watu wameshafika dirishani. "Mbukwenyi!" anasalimia yeye kabla hajasalimiwa, na daftari liko tayari pajani. Mmoja anataka bati za zahanati. Mwingine mtoto wake amechaguliwa kidato cha tano na hana nauli. Kuna msiba nyumba ya tatu, na mbunge hawezi kupita bila kushuka. Pampu ya kisima imekufa tangu mwezi wa nane. Hakuna aliyemuuliza amepigaje kura juu ya muswada wowote. Ningeandika hivyo kwenye ripoti yangu na kufunga mjadala, kama isingekuwa mwaka 2021.

Julai mwaka huo tozo za miamala ya simu zilianza kukatwa. Wanaotuma pesa kwa simu si watu wa mjini peke yao. Mama anayetumiwa elfu ishirini na mwanawe aliyeko Dar aliiona tofauti siku hiyo hiyo. Kelele zikawa kubwa kiasi kwamba mwanzoni mwa Septemba Serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30. Katikati ya kelele hizo nikafuatana tena na mbunge wangu. Kwenye mkutano mmoja, chini ya mbuyu, bibi mmoja aliyekuwa amekaa na wenzake kwenye mkeka akanyoosha mkono.

"Mwanangu Mheshimiwa," akasema, "hii tozo, na wewe uliisemea ndiyo?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mbunge alijibu kwamba Serikali ni sikivu, inalifanyia kazi. Bibi akaitikia haya, lakini kwa haya ile ambayo kila mtu aliyelelewa na bibi anaijua. Njiani, vumbi likiingia dirishani, mbunge alikaa kimya hadi tukafika barabara ya lami. Kisha akaniambia:

"Dokta, pale ukumbini mimi nina ndiyo moja tu. Hapana yangu niliitolea kwenye kokasi, kikao chetu cha chama. Na huko hakuna Hansadi."

Sina njia ya kuthibitisha kwamba aliitoa. Vikao vya wabunge wa chama vina mlango, na mtafiti hakai ndani ya mlango huo. Inawezekana alikuwa ananipa mimi alichoshindwa kumpa bibi. Lakini nimeisikia sentensi ya aina hiyo kwa wabunge wa vyama tofauti, kwa maneno tofauti, na sasa naichukulia kwa uzito wake: kura nyingi za Bunge letu hupigwa kabla ya kura, katika chumba kisichoandikwa, na tunachokihesabu ukumbini ni mshindi akitangazwa. Kazi iliyobaki ni kutafuta nyayo zake nje ya mlango. Marekebisho yaliyoletwa na waziri mwenyewe asubuhi ya siku ya mwisho. Hotuba ya kamati iliyokuwa kali kwenye rasimu ikaja imelainika. Mbunge aliyezungumza kila siku ya wiki kisha akakosekana Ijumaa.

Wanaotaka kuja kufanya utafiti huu Dodoma wananiandikia mara nyingi, na huwa nawapa mambo ya kawaida tu. Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kianze mapema. Usije Aprili hadi Juni bila kuwa umelipia chumba, maana wakati wa Bunge la Bajeti nyumba za wageni za Area C na Area D hujaa na bei hupanda mchana kweupe. Usimuulize mbunge mara ya kwanza amepigaje kura. Muulize amewaambia nini watu wake. Atakujibu kwa saa nzima, na kura yake itajitokeza yenyewe humo ndani. Dereva wa mbunge anajua kila kitu, na hupaswi kumuuliza chochote, kwa kuwa kazi yake ndiyo itakayokwenda, si yako. Jumamosi nenda mnadani Msalato ukale nyama. Utawakuta wabunge wa vyama viwili waliotupiana maneno Alhamisi wanagombea kulipa.

Mwingine atakuuliza uko upande gani. Ataulizwa kila mtu anayeandika kuhusu Bunge, na ukikaa muda mrefu utaulizwa na pande zote ndani ya wiki moja. Mimi nimezoea kuwapa jedwali. Mtu akiona jina lake limewekwa kwa kanuni ile ile iliyotumika kwa mpinzani wake, hasira hupungua, ingawa haiishi.

Kanzidata ya shilingi bado inakua. Kwa sasa nabishana na mwanafunzi wangu mmoja wa uzamivu juu ya jambo ambalo bila kulimaliza hatuwezi kuendelea: mbunge akishika shilingi, akairudisha kabla waziri hajamaliza hata kujibu, tumhesabu ameshika au hajashika? Yeye anasema hajashika, ni maigizo tu. Mimi nasema ameshika, kwa kuwa jina lake limeingia kwenye Hansadi na waziri amelisikia. Tumeleta mifano, tumeitana wakaidi, tumemwita mzee wa Kikuyu atuamue, naye akasema inategemea kengele ilikuwa imelia au bado. Sasa tunaongeza safu ya kengele.